Siku nne, majimbo manne: kisa cha safari ya miaka 20 ya ndoa

Mume na mke wanaoishi Boston walikuwa wanatimiza miaka 20 ya ndoa tarehe 12 Oktoba, na mwaka huo tarehe hiyo iliangukia Jumamosi. Walitaka kuisherehekea barabarani, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wakati miti inapogeuka rangi kabla ya kupukutisha majani. Watoto wangebaki kwa shangazi yao. Mume alikuwa ameomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa. Jumatatu haikuhitaji ruhusa kwa kuwa ni sikukuu ya shirikisho. Kwa hiyo walikuwa na siku nne, gari la kukodi, na bajeti ya watu walioweka akiba kwa ajili ya jambo moja.

Ramani aliichora mume, kisha akaniletea niipitie. Ijumaa watoke Boston hadi Bar Harbor, pwani ya Maine, kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Acadia, mwendo wa kama kilomita 450. Jumamosi jua liwachomozee wakiwa juu ya Mlima Cadillac, halafu wakate magharibi hadi North Conway, New Hampshire, zaidi ya kilomita 300. Jumapili wapite barabara ya Kancamagus na kuvuka kwenda Stowe, Vermont. Jumatatu washuke na barabara namba 100 hadi Woodstock, wapige picha kwenye shamba moja maarufu la Pomfret, kisha warudi Boston usiku. Ukijumlisha unapita kilomita 1,200.

Kila mahali alipopaandika panastahili kwenda, na hilo ndilo lililofanya mpango uwe mgumu kukosoa. Mtu akikuonyesha orodha ya mambo mazuri manane, ni vigumu kumwambia kwamba kasoro iko kwenye orodha yenyewe.

Kwanza tarehe

Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Columbus, ambayo sehemu nyingine sasa huitwa Siku ya Watu wa Asili. Kwa barabara za New Hampshire na Vermont, hiyo ndiyo wikendi nzito kuliko zote za msimu wa majani. Foleni huanza Ijumaa mchana kwenye barabara kuu ya I-93 kuelekea kaskazini, na Jumatatu alasiri hugeuka kuelekea kusini. Maegesho ya maporomoko na ya mianzo ya njia za miguu hujaa kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna kikwazo kingine ambacho mume hakukijua mpaka alipoanza kupiga simu. Wikendi hiyo nyumba nyingi za wageni hazikubali mtu alale usiku mmoja. Zinataka mbili au tatu mfululizo. Mpango wake ulitegemea kulala Bar Harbor mara moja, North Conway mara moja na Stowe mara moja, kwa hiyo ulikuwa umeshakwama kabla gari halijawashwa. Hapo angeweza kufanya wanavyofanya wengi, yaani kulala hoteli za kando ya barabara kuu mbali na kule anakokwenda, na kuongeza saa za usukani juu ya zile alizokuwa nazo. Watu hufanya hivyo kila mwaka na kusema wamefurahi. Mimi nawaamini nusunusu.

Rangi haipandi wala haishuki kwa siku moja

Jani huwa kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo mti huitengeneza upya muda wote wa majira ya joto. Siku zikianza kufupika, mti huziba taratibu mirija iliyo kwenye kikonyo cha jani. Klorofili huisha bila kujazwa nyingine, na njano iliyokuwamo tangu mwanzo, ile ya karotenoidi, ndiyo inabaki kuonekana. Wekundu una habari yake. Rangi hiyo, anthosiani, hutengenezwa mwishoni kabisa kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na hukolea zaidi kukiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi ambayo haijafikia kuganda. Ndiyo maana miti ya maple hutofautiana mwaka hadi mwaka, mara nyekundu kama kaa la moto, mara ya machungwa iliyofifia, wakati njano ya miti yenye magome meupe haibadiliki sana.

Urefu wa siku ya tarehe fulani ni uleule kila mwaka, kwa hiyo msimu hauwezi kuchelewa mwezi mzima. Lakini joto, ukame na upepo huusogeza kwa siku kadhaa mbele au nyuma, na mtu mwenye likizo ya siku nne hana zaidi ya hizo siku kadhaa. Halafu kuna mwinuko. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, hivyo rangi huanza vileleni na kaskazini mwishoni mwa Septemba, ikashuka mabondeni mapema Oktoba, ikafika kwenye maziwa karibu na katikati ya mwezi. Pwani ya Maine, inayopashwa joto na bahari, huchelewa zaidi. Mialoni hufunga msimu kwa rangi ya kutu wakati maple zimeshabaki matawi.

Weka hayo juu ya ramani ya mume. Tarehe 11 hadi 14 Oktoba, Acadia kwa kawaida ndiyo inakaribia kuiva, Kancamagus iko kwenye kilele chake au inakipita, na milima ya juu ya Stowe imeshaanza kuwa mitupu. Mzunguko mmoja ungewapitisha kwenye misimu mitatu tofauti, na wasingekuwa na nafasi ya kungoja popote. Mvua yenye upepo ikipiga usiku mmoja, mtu aliyelipia vyumba vitatu katika miji mitatu hawezi kubadilisha chochote.

Mazungumzo na mke

Mpango wa watu wawili siupitii na mtu mmoja, kwa hiyo nikaomba kuzungumza na mkewe peke yake. Alikuwa ameiona ramani. Hakuikataa, kwa sababu, alivyosema, "baba watoto ameifanyia kazi wiki nzima." Lakini alipoanza kueleza siku yake nzuri inavyokuwa, hakutaja mji hata mmoja. Alitaja kuamka bila kengele. Alitaja kutembea asubuhi palipo na maji. Alitaka wakae mezani mpaka wahudumu waanze kupanga viti. Kisha akasema jambo lililobadilisha kila kitu: kwenye kona hupata kichefuchefu akiangalia simu, na katika safari zote yeye ndiye anayeshika simu kumwelekeza dereva.

Kwenye Milima White sehemu kubwa ya barabara haina mtandao wa simu. Kancamagus yenyewe, kama kilomita 55 kati ya Lincoln na Conway, haina kituo cha mafuta wala duka. Sasa piga picha: dereva aliyechoka, ramani iliyogoma kufunguka, kona baada ya kona, na abiria anayetapika akiulizwa, "Ni hapa kulia au tumeshapita?" Ugomvi wa kumbukumbu ya ndoa huanzia hapo.

Jambo jingine alilolisema akicheka ni kwamba mumewe huwa hayaoni majani. Ni kweli tupu. Dereva kwenye barabara ya mlima siku ya foleni huona taa nyekundu za gari lililo mbele yake, mstari wa njano, na mtu aliyeegesha vibaya akifungua mlango upande wa barabara. Kila baada ya muda abiria humwambia, "Ona pale," naye hujibu, "Nimeona," bila kuona. Mume ndiye aliyekuwa na kiu kubwa zaidi ya rangi, na ndiye aliyejipangia kiti kisichoonyesha kitu.

Nilichopendekeza

Pendekezo langu lilikuwa walale mahali pamoja, na mahali hapo pachaguliwe kwa mwinuko kabla ya uzuri. Nilimwonyesha eneo la Holderness na Plymouth, New Hampshire, kama kilomita 180 kutoka Boston. Kando yake kuna Ziwa Squam, na kusini-mashariki Ziwa Winnipesaukee, ambalo liko mita 154 tu juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake, ndani ya saa moja, barabara inapanda hadi kwenye kipito cha Kancamagus, mita 870. Tofauti ni mita 700 na ushee, yaani zaidi ya nyuzi nne za joto. Rangi ikiwa imeisha juu, iko chini. Ikichelewa chini, iko juu. Ni bima ambayo hailipiwi chochote.

Halafu wasiandike njia za kila siku. Waandike karatasi tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Kila jioni watazame utabiri wa hewa na ramani ya rangi ambayo ofisi za utalii za majimbo haya hutoa msimu wote, wamuulize mwenye nyumba ya wageni alichokiona siku hiyo (huyu mara nyingi anajua kuliko ramani), kisha wachague karatasi ya kesho.

Tatu, aombe siku moja zaidi, Jumanne. Hili lilimgharimu kuliko mengine kwa sababu bosi wake hakuwa mwepesi, na mkewe naye ilibidi abadilishane zamu na mwenzake. Lakini Jumanne baada ya wikendi ile ni siku nyingine kabisa. Barabara inayotambaa Jumapili huwa yako. Kancamagus ikahamishiwa huko.

Na Jumamosi, siku yenyewe ya ndoa, gari lisitoke. Hapa mume aliniangalia kana kwamba sikuelewa maana ya safari ya barabarani.

Kilichotupwa

Acadia ilitoka ya kwanza, na ndiyo iliyouma. Mume alikuwa na ndoto ya mawio juu ya Cadillac. Kupanda kwa gari kule kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Oktoba kunahitaji tiketi ya gari ya dola 6, nje ya kiingilio cha hifadhi, na za mawio huisha haraka. Kuendesha kilomita 450 Ijumaa yenye foleni, ulale saa chache, uamke gizani upande mita 466 za mlima ambao huenda umefunikwa na ukungu wa bahari, kisha uanze safari nyingine ya saa nne na zaidi siku hiyohiyo ya kumbukumbu yako: nilimwomba aisome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya mkewe. Hakuisoma. Akaifuta Acadia.

Shamba la Pomfret lilikuwa rahisi zaidi. Wapiga picha za mitandaoni walilifurika kiasi kwamba mwaka 2023 mji uliifunga barabara ya Cloudland kwa wasio wakazi wakati wa msimu wa majani. Pale watu wanaishi. Kama picha ni lazima, kuna mabanda na miti ya maple kila kona ya Vermont na New Hampshire, na hakuna anayekufukuza.

Mlima Washington aliuingiza baadaye kama fidia ya Cadillac. Nikaukataa kwa sababu mbili. Kilele chake, mita 1,917, kiko juu ya mstari wa miti, hivyo ukifika unatazama mawe na, ukibahatika, rangi iliyo mbali chini. Na barabara yake ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1861, ni nyembamba, imeinama, na sehemu kubwa haina kingo za kuzuia. Mke aliniambia waziwazi kwamba anaogopa ukingo. Mtu hafumbi macho kilomita 12 kwenda na 12 kurudi kwa jina la mapenzi.

Stowe na barabara namba 100 ziliondoka zenyewe, bila mjadala.

Siku zilivyokwenda

Ijumaa waliondoka Boston kabla ya saa tatu asubuhi na kufika kabla ya foleni. Walijaza tangi Plymouth, wakapakua ramani kwenye simu zote mbili, na kwenye mkataba wa gari mke alikuwa ameandikishwa kama dereva wa pili. Hilo la mwisho ni dogo lakini ndilo lililomrudishia mume macho yake. Mke akiwa kwenye usukani hapati kichefuchefu, na mume akiwa abiria anaona.

Jumamosi waliamka gizani kwa hiari yao. Karibu na Ziwa Squam kuna njia ya miguu ya kupanda West Rattlesnake, kama kilomita moja na nusu kwenda, yenye ngazi za udongo na mbao ambazo magoti ya watu wa makamo huziweza. Maegesho yake ni madogo na wikendi ile hujaa mapema, kwa hiyo wakati ndio kila kitu. Tarehe hiyo jua huchomoza dakika chache kabla ya saa moja asubuhi. Walipofika juu hawakuona kitu. Maji ya ziwa yalikuwa bado na joto la kiangazi, hewa ya usiku ilikuwa baridi, na ukungu ulikuwa umejaza bonde zima hadi miguuni pao. Watu wawili waliowatangulia walipiga picha ya weupe ule, wakanung'unika, wakashuka. Wao walikuwa na chupa ya chai na hawakuwa na pa kukimbilia. Ukungu wa namna ile hauondoki kama pazia. Kwanza vilitokea visiwa viwili vyeusi, kisha mstari wa misonobari, kisha kwa muda mrefu hapakuongezeka kitu, halafu upande mmoja wa ziwa ukawaka mwekundu wakati mwingine bado ni maziwa matupu. Kwenye mpango wa kwanza, saa hiyohiyo, wangekuwa wanashuka Cadillac kwa haraka kuanza safari ya North Conway.

Alasiri ya siku hiyo haikuwa nzuri kama asubuhi. Mume alishindwa kutulia. Alishika funguo, akaziweka, akazishika tena. Mke alimwambia, "Nenda basi, utanikuta hapa," naye akaenda kuzunguka kwa miguu peke yake, akarudi na matope. Nalieleza hili kwa sababu pendekezo la kutotoa gari lilikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni yeye. Siku nzima bila gari ilikuwa nyingi mno kwa mtu wa aina yake. Nusu siku ingetosha, na ndivyo ningemwandikia mwingine mwenye hulka hiyo. Usiku meza ilikuwa imeshawekwa nafasi tangu Agosti. Wikendi hiyo kwenye miji midogo asiye na nafasi hula alichonunua dukani.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ilinyesha na upepo ukavuma kwa nguvu. Asubuhi karatasi ya juu haikuwa na maana tena, wakachukua ya chini: barabara namba 113 kuelekea mashariki, kupitia Center Sandwich hadi Tamworth, mpaka Ziwa Chocorua ambapo mlima wa jina hilo unaonekana ng'ambo ya maji. Ni barabara ya wenyeji, haina maporomoko ya kuvuta mabasi ya watalii, na hata wikendi ile magari yalikuwa ya kuhesabika. Anga lilikuwa la kijivu. Wengi huichukia siku kama hiyo, lakini majani yaliyolowa chini ya mawingu hukolea kuliko yaliyo kwenye jua kali, kwa sababu hayang'ai na shina nyuma yao limekuwa jeusi. Hatari iko chini: majani yenye maji yaliyolala kwenye kona huteleza kama sabuni. Mke aliendesha taratibu na kuwapisha wenye haraka.

Jumatatu alasiri, wakati foleni yote ya I-93 inashuka kusini, wao walipanda kaskazini hadi Franconia Notch. Huko juu upepo ulikuwa umeshafanya kazi yake, miteremko imekuwa kijivu. Hilo tulilitarajia, na ndiyo sababu karatasi ya juu ilikuwa na Flume Gorge: korongo la mita kama 240 ambalo kuta zake za mawe hufika mita 20 na zaidi, na njia ya mbao inapita katikati juu ya kijito. Tiketi zake huuzwa kwa saa maalumu, kwa hiyo walikuwa wamenunua ya mchana wa kuchelewa. Kila karatasi ilipaswa kuwa na kitu kimoja kinachofaa kutazamwa hata kama hakuna jani. Ule uso wa mwamba uliokuwa maarufu hapo jirani, Mzee wa Mlimani, ulianguka Mei 2003, na bado upo kwenye namba za magari za jimbo. Mume alisisitiza kusimama apige picha ya mahali ulipokuwa. Kila mtu na furaha yake.

Walirudi kabla ya giza. Kufikia saa kumi na mbili na dakika chache jua limeshazama, na Oktoba ni msimu wa moose, aina ya kulungu wakubwa sana, kutembea wakitafutana. Dume mmoja anaweza kufikisha kilo 450, miguu mirefu, rangi nyeusi isiyoakisi taa vizuri. Gari dogo likimgonga hukata miguu, na mwili wote huangukia kioo cha mbele. Vibao vya onyo kando ya barabara zile havikuwekwa kwa mapambo.

Jumanne, Kancamagus. Hapa niliwapa shauri moja la mwelekeo ambalo mume hakulifikiria: waianze kutoka Conway kwenda magharibi, wala si kutoka Lincoln. Asubuhi jua liko mashariki, na dereva anayekwenda mashariki hupigwa nalo usoni kila anapotoka kwenye kona. Ukienda magharibi linakuwa mgongoni na linaangaza kila kitu kilicho mbele. Tena Lower Falls na Rocky Gorge ziko mkono wa kulia ukitokea Conway, kwa hiyo unaingia na kutoka bila kukatiza magari. Kwenye maegesho ya msitu wa taifa walilipa dola 5 za siku nzima. Daraja la mbao la Albany, lililojengwa mwaka 1858, lilikuwa bado limezungukwa na maple zilizoiva kwa sababu upande ule uko chini. Kadiri walivyopanda, rangi ilipungua: machungwa, njano, kutu, kisha matawi. Kwenye kipito cha mita 870 hapakuwa na kitu isipokuwa misonobari na upepo. Walibadilishana usukani hapo, wakashuka hadi Lincoln, wakaingia I-93 na kufika Boston jioni. Safari nzima haikufika kilomita 800.

Deni lililobaki

Mume bado anaitaka Acadia, na safari hii sina hoja ya kumpinga. Mwaka unaofuata tarehe 12 inaangukia Jumapili ya wikendi ileile ndefu, kwa hiyo nimewashauri wangoje wikendi inayofuata. Umati utakuwa umepungua, na pwani ya Maine mara nyingi bado ina rangi ya kutosha wakati huo. Mke amekubali kwa sharti moja: walale siku tatu Bar Harbor bila kuhama, na mawio ya Cadillac yawe asubuhi yoyote kati ya hizo ambayo utabiri unasema haina mawingu. Sharti hilo linatekelezeka. Asilimia 30 ya tiketi za Cadillac hutolewa siku 90 kabla, lakini asilimia 70 hufunguliwa siku mbili tu kabla, saa nne asubuhi, na utabiri wa siku mbili unaaminika kuliko wa miezi mitatu.